"The gloves are off": mwongozo kamili wa kuielewa na kuitumia bila kuigeuza kichwa chini

Watu wengi wanaoongea Kiswahili wakikutana na "the gloves are off" kwa mara ya kwanza wanaielewa kinyume, na si kwamba Kiingereza chao kibovu, ni Kiswahili chao ndo kizuri mno. Sisi mchezaji mpira akistaafu tunasema katundika daluga, bondia akistaafu tunasema katundika glovu, kwahiyo mtu akisoma kwamba glovu zimevuliwa akili inakimbilia huko huko, anajua basi yameisha, watu wameachana salama kila mmoja kaenda kwake. Kumbe ndo kwanza yanaanza.

Mi yalinikuta nikiwa natafsiri barua ya kampuni moja iliyokuwa inavutana na msambazaji wake kuhusu malipo. Barua ndefu, ya kistaarabu, imejaa shukrani na kumbukumbu za kazi walizofanya pamoja, halafu karibu na mwisho kuna kasentensi kafupi: "As of Monday, the gloves are off." Nikaandika kwamba kuanzia Jumatatu kampuni inajitoa kwenye mvutano. Yule msambazaji kasoma, katulia tuli akijua moto umezimika, Jumatatu asubuhi kapokea barua ya mwanasheria. Alikuwa na siku nne nzima za kuinua simu na kuyamaliza, na ni tafsiri yangu iliyomnyima hizo siku. Hilo halijanitoka mpaka leo. Ndo maana naiandikia nahau hii kwa urefu hivi, kwa sababu maneno ya kutangaza ugomvi unaokuja ukiyakosea hujakosea msamiati tu, umemkosesha mtu nafasi ya kujiandaa au ya kuuzuia.

Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Ishike picha kwanza, maana itakuja yenyewe

Usianze na kamusi, anza na ulingo. Zamani Uingereza ngumi za kulipwa zilipiganwa mikono mitupu. Karne ya 18 kulikuwa na bingwa wa London anaitwa Jack Broughton, huyu ndo aliyeandika sheria za mwanzo za ngumi mwaka 1743, na huyo huyo ndo anayetajwa kuanzisha glovu laini za mazoezi kwa ajili ya wanafunzi wake, mabwana wenye hela zao waliotaka kujifunza ngumi ila hawakutaka kurudi nyumbani na uso umevimba. Hapo simama kidogo uone: tangu mwanzo kabisa glovu ilikuwa na ujumbe, yani nitakupiga ndiyo, lakini nakujali, kuna mahali sitafika.

Baadaye zikaja sheria za Queensberry, zilichapishwa 1867, aliziandika John Graham Chambers ila zikabeba jina la Marquess wa Queensberry aliyeziunga mkono, na ndizo zilizoleta raundi za dakika 3, mapumziko ya dakika 1, kuhesabu mpaka 10 na glovu kuwa lazima. Haikuwa mara moja watu wakakubali. Julai 8, 1889 pale Richburg, Mississippi, John L. Sullivan na Jake Kilrain walipigania ubingwa wa uzito wa juu mikono mitupu, raundi 75, zaidi ya masaa mawili kwenye jua la Julai, na lile ndo linalokumbukwa kama pambano la mwisho la ubingwa wa uzito huo bila glovu. Miaka mitatu mbele, 1892, Sullivan huyo huyo akaupoteza ubingwa kwa James Corbett, safari hii wote wamevaa glovu.

Kwa hiyo kwa masikio ya Mwingereza au Mmarekani, glovu ni sheria, ni kiasi, ni ustaarabu. Kuvua glovu ni kurudi kule kwenye raundi 75.

Niseme kitu kimoja pembeni hapa, kiukweli glovu inalinda mkono wa anayepiga kuliko kichwa cha anayepigwa, mifupa ya mkono ni midogo na ngumi tupu ikigonga fuvu mara nyingi mkono ndo unavunjika. Lakini nahau haifuati sayansi, inafuata kile watu walichoamini walipokuwa wanaangalia, na waliamini glovu ni huruma.

Picha ya pili ndo naipenda zaidi, na ndo inayoonyesha kwanini hii ni nahau ya ugomvi unaokuja na sio ugomvi wenyewe. Ni mpira wa magongo wa kwenye barafu, ule wanaocheza sana Kanada na Marekani. Wachezaji wanavaa glovu nene kweli kweli, na ngumi kwenye ligi yao kubwa ya NHL ni kosa, unakaa nje dakika 5. Sasa angalia inavyokuwa. Wawili wanasukumana, mmoja anasema kitu, mwingine anageuka, wanatazamana, magongo yanaachiwa, halafu glovu zinadondoka kwenye barafu, moja, mbili, tatu, nne. Hapo bado hakuna ngumi hata moja iliyorushwa. Lakini uwanja mzima umeshasimama, wazee kwa watoto, kwa sababu kila mtu anajua kinachofuata.

Hiyo nusu sekunde kati ya glovu kudondoka na ngumi ya kwanza, hapo ndo nahau yetu inapokaa.

HATUA YA 2: Jiulize maswali matatu kabla ya kuitumia

Maana yenyewe kwa ufupi: watu waliokuwa wanashindana au wanavutana kwa kujizuia, sasa wameacha kujizuia, na kinachokuja kitauma. Haimaanishi tu kwamba wana hasira wala kwamba wamegombana. Mtu anaweza kuvua glovu akiwa ametulia kabisa, anatabasamu na sauti iko chini, na huyo ndo wa kuogopwa.

Maswali ni haya. Je, kulikuwa na mashindano au mvutano tayari? Je, kulikuwa na kujizuia, yani heshima, uvumilivu, utaratibu, kufumbia macho? Na je, hicho kizuizi kimeondoka sasa? Ukipata ndiyo tatu, tumia. Ukikosa hata moja, tafuta nahau nyingine.

Tujaribu. Wagombea wawili wanashindania nafasi, wiki tatu wanaitana "mpinzani wangu ninayemheshimu", wanapeana mikono kwenye kila mdahalo. Usiku mmoja mmoja wao anapanda jukwaani na karatasi za madeni ya mwenzake na kuzisoma moja moja. Hapo hata mtu aliyelala ataamka aseme the gloves are off. Yote matatu yapo.

Watu wawili wasiojuana wanagongana njiani, wanatukanana, wanarushiana ngumi. Hapana, haifai. Hapakuwa na glovu za kuvua, kila kitu kimetokea ndani ya dakika moja. Na bosi anayefoka kila siku iendayo kwa Mungu, leo kafoka tena, nayo haifai, huyo hakuwahi kuvaa glovu tangu aajiriwe.

Sasa angalia huu mfano mwingine ambao ni mgumu zaidi na unakutana nao sana kwenye maisha. Kaka na dada wanatofautiana kuhusu nyumba ya wazazi. Kila mmoja anajua mwenzake anaitaka, lakini mama anaumwa kwahiyo hakuna anayeligusa, wanapishana pale kitandani, wanasaidiana dawa, wanaongelea hali ya hewa. Mama anafariki. Wanazika, wanamaliza msiba, wanakumbatiana. Wiki mbili baadae dada anamkuta kaka kabadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Hajapigwa mtu, hajatukanwa mtu, hata neno halijasemwa, ni kitasa tu kinang'aa kuliko mlango. "The gloves are off" inakaa hapo kama imezaliwa hapo, kwa sababu ilikuwepo miezi yote ile ya kujizuia, na kile kitasa ndo glovu ya kwanza kudondoka kwenye barafu.

Ukiuelewa mfano huu wa kitasa umeshaielewa nahau kwa kiasi kikubwa sana, kilichobaki ni ufundi wa sentensi.

HATUA YA 3: Jifunze maumbo yake, na jua kila umbo linasema nini

Hapa ndo wengi wanateleza kwa hiyo nitakaa kidogo.

Umbo la kwanza ni "the gloves are off". Hii ni hali ilivyo sasa hivi. Glovu ziko chini, tusubiri. Mara nyingi inatangulizwa na "now": "Now the gloves are off." Ukitaka kukazia unasema "the gloves are really off", Waingereza wanapenda "the gloves are well and truly off". Usiseme "very off", hiyo haipo.

La pili ni "the gloves came off". Hii ni ya kusimulia kitu kilichopita. "They were polite for an hour, then someone mentioned money and the gloves came off." Yani walikuwa na adabu zao saa nzima, hela ilivyotajwa tu ustaarabu ukaisha. Ni umbo zuri sana kwenye stori kwa sababu linaonyesha dakika yenyewe mambo yalipogeuka.

La tatu, "the gloves are coming off". Hili ndo la onyo. Unaona dalili, unaona mtu anaanza kulegeza kamba za glovu, bado hajavua. Na ndugu yake wa karibu ni "the gloves will come off", ambayo inahitaji kitu cha kuisubiri: "Once the judge rules, the gloves will come off." Jaji akishatoa hukumu tu, hapo ndo mtaona.

La nne ni "take the gloves off", na hili ni tofauti na mengine yote kwa jambo moja kubwa, lina mtendaji. "She took the gloves off." Yeye ndo kavua. Ukisema "the gloves are off" hujamtaja mtu, glovu ziko chini tu, nani kaanza hatujui, na ndo maana wanahabari na wanadiplomasia wanaipenda, inatangaza ugomvi bila kumlaumu yeyote. Ukisema "he took the gloves off" umeshatoa hukumu, umesema huyu ndo aliyevuka mstari. Kama unaripoti ugomvi wa watu na hukuwepo, kaa kwenye lile lisilo na mtendaji, nakusihi. Nimeona watu wanaharibu uhusiano kwa kubadilisha hilo tu.

Lipo na umbo la kivumishi, "gloves-off", na kistari kati: "a gloves-off interview", mahojiano yasiyo na kubembelezana. Hilo halina mambo mengi.

Sasa makosa ya umbo. Glovu ni mbili, kwahiyo daima wingi, "gloves are", kamwe usiandike "the glove is off". Neno "the" halitoki kwenye maumbo yale ya sentensi, ukisema "my gloves are off" msikilizaji atakuangalia mikono. Na usibadilishe kitenzi ukadhani maana itabaki ileile, "the gloves have been removed" inasikika kama nesi amemaliza kufunga kidonda. Nahau ni kama nyimbo, ukibadilisha neno moja watu hawaitambui tena.

Matamshi nayo, maana watu wengi wanaijua kwa macho tu: "gloves" inatamkwa karibu na "glavz", irabu yake ni ile ya "love". Sisi tumezoea kusema glovu, ndo maana ukiisikia kwa haraka kwenye redio inaweza kukupita.

Na vihusishi. Unaweza kusema glovu zimevuliwa kwenye jambo fulani, hapo tumia "in": "The gloves are off in the race for the presidency." Au kati ya watu fulani, tumia "between": "The gloves are off between the two brothers." Ila usiweke "to". Ukisema "gloves off to him" umechanganya na "hats off to him", na hiyo maana yake ni sisi tunavyosema kumvulia mtu kofia, yani pongezi na heshima. Fikiria umetaka kumpongeza mwenzako aliyepandishwa cheo, ukamtangazia vita.

HATUA YA 4: Ipange kwenye ngazi ya ugomvi

Kiingereza kina nahau nyingi za ugomvi unaokuja na sio kwamba zote ni sawa, kila moja ina ngazi yake, ukiruka ngazi unaonekana unakuza mambo au unayapunguza.

Chini kabisa kuna "there's a storm brewing" au "trouble is brewing". Kitenzi "brew" ndo kile kile cha kuandaa chai au pombe, kitu kinachochukua muda, kinaiva polepole. Hapa hujui hata nani atagombana na nani, unahisi tu hewa imebadilika. Kiswahili tunayo tayari, dalili ya mvua ni mawingu.

Juu yake kuna "sabre-rattling", kuutikisa upanga ndani ya ala ili mwenzako asikie. Hii ni mikwara, sina neno bora zaidi ya hilo. Mara nyingi inatumika kwa nchi, moja inafanya mazoezi ya kijeshi karibu na mpaka wa nyingine, inatoa matamko, inaonyesha makombora. Inawezekana kabisa isifike popote, na nahau yenyewe inabeba hiyo shaka.

Halafu "the battle lines are drawn", mistari imeshachorwa, kila mtu kachagua upande, waliokuwa katikati wamekwisha. Halafu "throw down the gauntlet", kurusha chini glovu ya chuma ya mpiganaji wa zama za kale, mwenzako akiiokota kakubali pambano. Hii nayo ina glovu lakini angalia tofauti, huyu anarusha glovu kumkaribisha mwenzake kwenye pambano lenye taratibu zake, wakati yule wa kwetu anavua glovu kwa sababu taratibu zimemshinda. Moja inafungua mashindano kwa heshima, nyingine inaifuta heshima kwenye mashindano yaliyopo.

Hapo sasa ndo inakuja "the gloves are off". Na juu yake kabisa ni "all hell broke loose", ambayo watu mtaani wangesema kimenuka, ugomvi wenyewe umeshafika hauji tena.

Pembeni ya ngazi, haiko kwenye ngazi yoyote, kuna "spoiling for a fight". Hii inamhusu mtu mwenyewe, anawashwa, anatafuta pa kuanzia. Neno "spoil" hapa halimaanishi kuharibu kitu wala kumdekeza mtoto, usijaribu kulitafsiri, lichukue kama lilivyo.

Zoezi la kufanya mwenyewe: chukua mvutano wowote unaoufuatilia kwenye habari, soma taarifa za wiki tatu mfululizo, uone ulikuwa ngazi ipi wiki ya kwanza na uko ngazi ipi sasa. Utashangaa wanahabari wazuri wanavyopanda ngazi kwa mpangilio, na wale wa kutafuta wasomaji wanaanza na glovu chini siku ya kwanza, ikifika siku ya nne wameshamaliza maneno.

HATUA YA 5: Zitenge na glovu nyingine

Kiingereza kina nahau za glovu kibao na zinafanana kwa sura, hazifanani kwa tabia.

"Handle with kid gloves" ndo hatari zaidi kwetu. Mtu anaona "kid" anajua ni mtoto, anatafsiri kumchukulia mtu kama mtoto. Hapana. Hiyo "kid" ni mwanambuzi, ngozi yake ni laini sana na ndo ilitengenezewa glovu za mabwana na mabibi. Maana ni kumshughulikia mtu kwa uangalifu mkubwa, kwa ulaini, usimguse vibaya. Na hapa ndo panavutia, kuna watu wanaziunganisha nahau mbili wanasema "the kid gloves are off", yani sasa hatumbembelezi tena. Hiyo inakubalika, na ni nyepesi kidogo kuliko ya kwetu, ni kuacha kubembeleza zaidi ya kuanza kuumiza.

"Hang up your gloves" ndo kutundika glovu kwetu, kustaafu. Hii ndo iliyonichanganya mimi kwenye ile barua. Angalia neno tu: "hang up" ni amani, "off" ni vita.

"Hand in glove" ni kushirikiana kwa karibu sana, mara nyingi kwa siri na kwa jambo lisilo jema, tungesema lao moja. "Fit like a glove" ni nguo au kitu kinachokukaa sawasawa. "Run the gauntlet" ni kupita katikati ya mashambulizi au lawama za watu wengi, na japo neno linaonekana ni lile la glovu ya chuma, asili yake ni tofauti kabisa, limetoka kwenye neno la Kiswidi la adhabu ya kupitishwa katikati ya mistari miwili ya watu wanaokupiga, likafananishwa tu na la glovu. Haya mawili ukiyatenganisha umewazidi hata wenye lugha yao wengi.

HATUA YA 6: Jua pa kuinyamazisha

Kuitumia kwa kusimulia ugomvi wa watu wengine ni salama, magazetini, kwenye michezo, siasa, biashara, kesi. Kuitumia wewe mwenyewe kwa mtu mnayevutana naye ni tishio, hata kama umeiandika kwa utani. Kwenye imeili ya kazini ni tishio lililoandikwa, lina tarehe na jina lako, na siku mkifika mbele ya mtu wa kuamua itasomwa kwa sauti. Kama huna nia ya kuvua kweli, usiiandike.

Na usiitumie pale ambapo upande mmoja hauna uwezo wa kupigana. Nahau hii inadhani kuna mabondia wawili. Mwenye nyumba anapomtoa mpangaji nje na watoto wake usiku, hizo sio glovu zimevuliwa, huo ni uonevu, na ukiuita kwa nahau ya ulingo umeupa sura ya mchezo wa haki.

Hilo lina uzito wake kwenye historia. Septemba 26, 2002 Cofer Black, aliyekuwa anaongoza kitengo cha CIA cha kupambana na ugaidi wakati wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001, aliwaambia wabunge wa Marekani: "After 9/11 the gloves come off." Sentensi fupi, ya ulingoni, inaingia masikioni vizuri. Lakini glovu alizokuwa anazungumzia zilikuwa mipaka ya namna ya kumshika na kumhoji binadamu, na Desemba 2014 kamati ya Seneti ilipotoa ripoti yake kuhusu jinsi CIA ilivyowafungia na kuwahoji watu, dunia ikasoma mambo ya kumwagia mtu maji usoni mpaka ajione anazama, na kumnyima mtu usingizi kwa siku kadhaa. Kwahiyo ukikutana na nahau hii kwenye kinywa cha mwenye mamlaka, usiishie kuielewa, uliza ni glovu gani hasa zimevuliwa na ni nani atakayepigwa.

HATUA YA 7: Ilete kwenye Kiswahili

Kuna kitu nimekiona nikiwa nahangaika na tafsiri. Kiingereza kinavua ili kipigane, sisi mara nyingi tunafunga. Tunajifunga kibwebwe. Lakini kibwebwe hakitoshi hapa, mtu anajifunga kibwebwe hata kwa kusoma mtihani au kuandaa harusi, ni juhudi, haina habari ya kuacha huruma.

"Kaonyesha makucha" iko karibu sana na "he took the gloves off", ila inasema mtu alikuwa hivyo siku zote akajificha, wakati mwenye glovu anaweza kuwa mtu mwema kabisa aliyefika mwisho wa uvumilivu. "Jino kwa jino" inaleta kisasi, kwahiyo itumie kama kuna kitu kinalipizwa. "Ukimwaga ugali mi namwaga mboga" ni nzuri mno kwa zile za masharti, za ukifanya hivi nami nitafanya vile, ila ni ya mdomoni, kwenye barua ya kiofisi haikai. "Patachimbika" inaongelea matokeo na inaruka ile hatua ya kuacha kujizuia, iache kwa ajili ya "all hell". "Liwalo na liwe" ni mtu amekubali lolote litakalompata, sio lazima awe na mpinzani.

Inayokaa vizuri kuliko zote kwa mazungumzo, kwa maoni yangu, ni "sasa hakuna kuoneana haya", kwa sababu haya ndo glovu zetu. Inasema kulikuwa na haya, inasema imeondoka, inasema sasa, na haimtaji aliyeanza. Yale maswali matatu yote yamo ndani. Kwa maandishi ya habari, "ustaarabu umewekwa pembeni" inatosha. Kwa yule dada aliyekuta kitasa kipya, akimpigia rafiki yake simu kwa Kiswahili, angesema tu "kaka kaamua, hatuoneani haya tena" na rafiki angeelewa kila kitu.

Na kwa barua za kikazi au za kisheria acha nahau kabisa, sema jambo lenyewe wazi ili anayesoma ajue anasimama wapi na ana muda gani. Ile sentensi ya ile barua, leo ningeiandika hivi: "Kuanzia Jumatatu tutachukua kila hatua ambayo mpaka sasa tumekuwa tukijizuia kuichukua."